Chumvi

Lima, mji ambao mvua haijawahi kuulima.
Anga ni kifuniko cha sufuria tangu mwezi wa tano,
jua tunalisikia tu, kama mgeni aliye chumba cha pili.
Ukungu nje ya dirisha, ukungu kwenye viatu vya ngozi uvunguni:
neno ni moja, na kazi yao ni moja.
Manyunyu hayakuloweshi, wala hayakuachi mkavu.
Shuka ninazianika Jumatatu,
Alhamisi naziingiza ndani zikiwa bado zinafikiria.

Abundio alitengeneza friji miaka thelathini na mmoja.
"Maji nayajua," husema, "hata yakijifanya hewa."
Ametundika kipimo cha unyevu jikoni,
pale wenzetu hutundika Bikira Maria,
na kila asubuhi anakisoma kwa sauti: tisini na mbili. Tisini na nne.
Halafu anakohoa, kama karani anayepiga muhuri.

Yeye mzaliwa wa Arequipa.
Kwao, anasema, jua halikosi kazini hata siku ya mgomo.
Kwao nguo hukauka kabla hujamaliza kumsengenya jirani.
Mwezi wa saba tukapanda basi, saa kumi na sita,
tukapanga vyumba viwili Yanahuara kwa mjane aitwaye Eufemia,
tuuonje mji kwanza.

Jua nililikuta. Kweli halikosi.
Linaangukia mawe meupe ya kuta, linarudi machoni.
Siku ya tatu midomo yangu ikapasuka,
siku ya tano pua ikadondosha damu kwenye kitambaa cha meza cha Eufemia.
Mkate wa asubuhi, ikifika adhuhuri, ungefaa kuezekea nyumba.
Juani moto, kivulini baridi, na kati yake hatua moja tu:
vua sweta, vaa sweta, mchana kutwa ni kuvua na kuvaa.
Na usiku! Blanketi nne,
na maji ya bomba yanayouma meno.

Lakini Abundio alikuwa ameacha kukohoa.
Kipimo alikuja nacho, amekifunga ndani ya soksi.
Akakisoma: ishirini na sita.
Akacheka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Jioni moja nikapika supu ya viazi.
Lima chumvi huganda. Unatia punje za mchele chupani,
unaigeuza chupa, unaigonga kitako mara tatu,
ndipo ikudondoshee kidogo, kwa kinyongo.
Mkono wangu umegonga hivyo miaka arobaini.
Nikageuza chupa ya Eufemia, nikagonga mara tatu,
chumvi yote ikatoka mbio,
supu nzima ikawa bahari.
Nikakaa kwenye kigoda, nikalia kama mtoto aliyevunja sahani.
Abundio akaonja. Akanyamaza. Akanywa bakuli zima.
"Inanikumbusha nyumbani," akasema,
na sikumuuliza nyumbani wapi.

Usiku huo sikulala.
Miaka yote hii kikohozi chake kilikuwa saa yangu ya ukutani:
kimoja saa nane, viwili karibu na alfajiri,
nami najua yupo.
Sasa kimya. Kimya kikavu.
Nikachukua kioo changu kidogo cha mkobani,
nikakisogeza puani pake,
nione kama kitashika ukungu.
Kikashika. Duara moja, dogo kama sarafu,
likatoweka kabla sijalishukuru.

Basi la kurudi ni Jumamosi.
Wanasema mchagua nazi hupata koroma;
mchagua mji, naona, hupata nusu yake.
Binti yetu Yesenia anapiga simu: mmeamua? Huko au huku?
Nimemwambia atutilie mchele kwenye chumvi,
punje chache tu.
Bado hatujakauka.